Nusu za Vidonge vya Mama

Jumatatu, 3 Februari

Nesi wa kliniki amenipa kazi ya shule. Nunua daftari, kila siku andika umefanya nini. Nikamuuliza utasahihisha? Akacheka, akasema hatalisoma, ni langu mwenyewe. Basi hili hapa. Jalada la bluu. Waziri ameshatafuna kona moja.

(Nikizeeka nikasahau: Waziri ni binti yangu. Mwaka mmoja na miezi mitatu. Tulimpa jina hilo kwa sababu humu ndani hakuna kinachoanza mpaka yeye awe tayari.)

Presha yangu leo 148 kwa 94. Tangu mimba imekataa kushuka. Ni ile ile iliyoniangusha kazini mwezi wa kumi na mbili. Nesi amesema mimi bado mdogo, ana imani na mimi, tujaribu wiki sita bila dawa. Tarehe 17 Machi nirudi. Ikiwa bado iko juu, naanza vidonge kama Mama.

Mambo yangu manne:
Kutembea nusu saa kila siku.
Chumvi ya mezani basi. Soda basi.
Maji.
Kulala mapema, Waziri akipenda.

Nilipitia kwa Mama kumwambia. Akanishika mkono akaanza kuusugua kama mtu anayetoa doa. Akasema, "Usiogope, mama. Mimi nipo." Yeye presha anaishi nayo miaka mingi, kila asubuhi kidonge na maji ya vuguvugu. Nikaondoka nimetulia.

Alhamisi, 6 Februari

Siku ya tatu ya kutembea! Navaa raba za mume wangu, nimejaza magazeti mbele. Naanzia nyumbani, nazunguka ukuta wa shule, narudi. Dakika thelathini na mbili. Jirani muuza mkaa ameniuliza nani ananifukuza. Nikamwambia presha.

Kazini ni shughuli. Sisi wapiga pasi wanne tunakula meza moja, na kopo la chumvi liko katikati kama mgeni wa heshima. Mwenzangu tunayemwita Redio alininyunyizia kabla sijakaa, kwa mapenzi tu. Nikampa sahani yake, nikachukua nyingine. Amesema nimeanza maringo.

Sina maringo. Nina wiki sita.

Jumatatu, 10 Februari

Nimegundua kitu. Pasi ya mvuke inataka usimame saa nane nzima. Basi kila nikifika kwenye kola ya shati nasimama kwa vidole vya miguu. Kola, mabega, mikono, nashuka. Shati lingine. Leo mashati tisini na kitu! Miguu inawaka lakini raha.

Alhamisi, 13 Februari

Mama ameanguka.

Asubuhi, jikoni kwake. Kaka alimkuta chini, mdomo umekwenda upande. Mkono wa kulia hauna kazi, mguu pia. Daktari amesema kiharusi. Ni presha.

Nimetembea leo. Kutoka geti la hospitali mpaka wodini, mara nne, mara ya kwanza nikikimbia. Sijui kama inahesabika.

Jumamosi, 15 Februari

Tumegawana zamu. Dada asubuhi, mimi nikitoka kazini, Kaka jioni. Waziri anabaki kwa wifi yangu, mke wa Kaka.

Mama anatuona. Anasema "maji". Anasema "hapana". Sisi wote anatuita "mama", hata Kaka mwenye ndevu zake. Kaka anaitikia.

Sasa hili la chakula. Kila anayekuja kumwona mgonjwa anakuja na soda na biskuti, na mgonjwa hali, kwa hiyo tunakula sisi. Benchi la nje ya wodi limegeuka duka. Shangazi alinifungulia soda mwenyewe, akaniwekea mkononi. Nikasema ahsante shangazi, mimi maji. Dada akanirukia mbele ya watu. Mama yuko kwenye dripu, wewe unahesabu sukari. Unataka kiuno.

Nilikwenda chooni nikalia kidogo. Kisha nikarudi, nikanywa maji yangu.

Nimeamua: hospitali nitakuja kwa miguu. Kutoka kazini ni dakika thelathini na tano. Siachi kumuona Mama na siachi kutembea. Moja limeingia ndani ya lingine. Nani ana akili? Mimi nina akili.

Jumatano, 19 Februari

Leo alikuja fundi wa mazoezi ya viungo. Kijana mwembamba, ana mikono kama ya mtu anayekanda unga. Amenifundisha kumnyanyua Mama mkono, kumkunja vidole, kumkunjua. Mara kumi, apumzike, mara kumi tena. Mama aligoma. Alikaza uso wa upande mmoja, ule mwingine ukabaki haujali.

Nikamwambia haya, tufanye wote. Nikasimama pembeni ya kitanda, yeye mkono mara moja, mimi nachuchumaa mara moja. Bibi wa kitanda cha dirishani akaanza kutuhesabia kwa sauti. Tulipofika saba magoti yangu yakalia kaa! Wodi nzima ikacheka, na Mama akainua mara ya nane mwenyewe. Kidogo, kimo cha kiberiti. Lakini mwenyewe.

Nimetoka pale nimenyoosha shingo kama niliyepewa cheti.

Jumapili, 23 Februari

Sijui naanzaje.

Nilikwenda nyumbani kwa Mama kuchukua nguo za kubadilisha. Nilipovuta droo, chini ya nguo nikaona soksi ya Waziri. Ile ya kushoto, nyeupe, niliyoitafuta mpaka nikagombana na baba yake. Imefungwa fundo. Nzito.

Ndani ni vidonge. Vya presha, vya Mama. Vyote nusu. Vimekatwa kwa meno, vina alama.

Nikakaa kitandani kwake nikavihesabu. Sitini na nane. Nikarudi nyuma kwa kalenda iliyo ukutani, siku moja nusu moja. Inafika mwezi wa kumi na mbili. Inafika siku ile nilipoanguka kazini.

Mama alikuwa anameza nusu. Nusu nyingine ananiwekea mimi. Siku nikihitaji.

Ndiyo maana alisema yupo.

Andika ukweli: kutoka pale niliingia kwenye kibanda cha chipsi. Nikala, chumvi mara mbili, na soda baridi juu yake. Sikutembea. Nilipanda gari kama mzigo. Haikuwa hata tamu.

Jumatatu, 24 Februari

Nimemwonyesha daktari soksi. Nilidhani atafoka. Alivaa miwani, akaviangalia, akavirudisha kimoja kimoja. Amesema hawezi kuapa kwamba ndiyo sababu, lakini presha inayopewa nusu ya dawa ni kama nyumba iliyofungwa mlango mmoja kati ya miwili. Akasema na mimi nisikie: vidonge vya mtu ni vya mtu, hata nikianza dawa si lazima iwe hii. Mama hakujua. Alidhani presha ni presha, kama kiu ni kiu.

Nikamuuliza, kwa hiyo ni mimi? Akasema hapana. Akasema tena hapana, taratibu, kama anayemwambia mtoto.

Mume wangu nilimwambia nyumbani. Yeye ni mchomeleaji vyuma, maneno yake huwa machache kama cheche za mwisho. Alikaa. Akachukua raba, akatoa magazeti yaliyochakaa, akajaza mapya. Akaziweka mlangoni.

Jumanne, 25 Februari

Nimetembea. Dakika arobaini na moja.

Alhamisi, 27 Februari

Leo nimemuuliza. Tulikuwa wawili tu, bibi wa dirishani amelala. Nikatoa soksi, nikaiweka kwenye shuka karibu na mkono wake mzima. Nikamwambia, Mama, hizi nini?

Aliitambua. Hakuona aibu hata chembe! Alifurahi, kama mtu aliyerudishiwa kitu kilichopotea. Akaisukuma upande wangu kwa vidole viwili.

"Zako," amesema.

Neno lake la kwanza jipya tangu aanguke. Wengine mama zao wakirudiwa na sauti huwa wanaomba uji.

Nikamweleza aliyosema daktari. Nikamweleza polepole, kisha tena. Alinisikiliza vizuri. Akaisukuma tena.

Jumatano, 5 Machi

Mama ametoka hospitali! Amekuja kwetu, kwa sababu kwa Dada kuna ngazi na kwa Kaka choo kiko mbali. Mume wangu ameunganisha bomba la chuma ukutani kutoka kitandani mpaka mlangoni, Mama ajishikilie. Ameling'arisha kwa msasa mpaka linateleza kama kijiko. Mama akalipapasa lote kabla hajakaa.

Sisi na Waziri tumehamia chumba cha mbele. Waziri anaona amepata mtu wa rika lake. Wote wawili wanashika bomba, wote wanayumba.

Daktari amenishika bega wakati wa kuondoka. Kidonge kizima, kila siku. Akipigwa na kiharusi mara ya pili, hatujui kama atainuka. Wodini nesi alikuwa anamfungua mdomo na kuangalia. Hapa nesi ni mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Vita.

Jana nilimpa kidonge, nikageuka kuchukua maji, nikasikia mlio, kati! Ameng'ata. Nusu amemeza, nusu ananinyooshea. Nikasema Mama, hapana. Akafunga mdomo. Nikabembeleza, nikapiga magoti. Mdomo umefungwa kama wa pochi. Mkono umenyooka.

Nikapata ujanja. Nikaipokea, nikashukuru. Saa kumi nikamrudishia ile ile kwenye kijiko, nikamwambia hii ya jioni. Akaigeuza kwenye mwanga. Akaona meno yake mwenyewe. Alicheka! Upande mmoja, bila sauti, mabega yanaruka, kicheko chake cha kwanza tangu aanguke. Nikacheka na mimi mpaka machozi. Kisha akafunga mdomo.

Leo nikasaga, nikatia kwenye uji. Ule uji mpaka sasa uko mezani. Ananusa sasa kila kijiko.

Kaka alikuja akapandisha sauti. Alimwambia unataka tukuzike? Mama akalia, Waziri akalia, Kaka akatoka nje akasimama akitazama ukuta. Dada naye alinipigia simu, akasema yote ni kwa sababu nilimwambia mgonjwa habari za presha yangu tangu mwanzo. Inauma kwa kuwa kuna ukweli.

Kaka alipoondoka nikakaa kitandani kwa Mama. Nikamwambia: tarehe kumi na saba napimwa. Miguu yangu umeiona, chakula changu umekiona. Nikirudi imeshuka, utameza kizima?

Aliniangalia mpaka Waziri akachoka kulia akalala.

"Kizima," amesema.

Haya. Siku kumi. Mpaka hapo anameza nusu na mimi nimekata tamaa ya kumshinda. Nimempigia nesi wa kliniki, amesema nimlete apimwe kila baada ya siku mbili, asizidiwe hatuoni.

Kwa hiyo sasa si kiuno wala cheti. Mimi nikiteleza, Mama anameza nusu.

Jumatatu, 10 Machi

Dakika arobaini, mvua juu. Raba zimelia kwi kwi mpaka kazini.

Kazini kuna jambo. Nainua macho kwenye kola ya shati la tatu, namuona Redio amesimama kwa vidole. Yule wa mashuka naye kwa vidole. Tulisimama wote wanne tumerefuka, mvuke katikati, bosi akaingia. Akauliza kuna nini juu ya dari. Tukashusha visigino. Kopo la chumvi lilihamia dirishani wiki iliyopita, na mimi sikuligusa. Jioni nimemlaza Waziri nikiwa na tabasamu.

Mama bado nusu. Presha yake leo 160 na kitu. Nesi amekunja uso.

Alhamisi, 13 Machi

Mwezi kamili tangu aanguke. Dada alikuja kumwona bila kupiga simu. Mkononi amebeba chupa kubwa ya maji, ametia na vipande vya limau. Ameiweka mezani, akasema limau halina sukari, ameuliza. Hakusema samahani. Nilimmiminia glasi, tukanywa.

Kisha akaniuliza natoka saa ngapi asubuhi. Saa kumi na moja na nusu, nikamwambia. Akasema mapema mno, watu wazima wamelala. Sijui kwa nini ameuliza.

Ijumaa, 14 Machi

Kumbe ndiyo maana Dada aliuliza. Amenisubiri kona ya ukuta wa shule amevaa kandambili. Kandambili! Alimaliza nusu ya mzunguko, akakaa juu ya jiwe, akanitukana. Nikamrudia. Tulirudi polepole tumeshikana, yeye anachechemea. Njiani akasema nimwambie habari ya soksi, yote, Kaka alimpa robo tu. Nikamwambia. Ikatufikisha mpaka mlangoni kwake.

Jumapili, 16 Machi

Naogopa. Sijateleza tangu chipsi zile. Lakini mwili hauna mkataba na mtu. Unaweza kufanya yote na bado.

Mama leo ametembea kutoka kitandani mpaka mlangoni, bomba mkono mmoja, Waziri nyuma. Alipofika akagonga mlango kutokea ndani, kama mgeni. Nikamfungulia, nikamwambia karibu.

Jumatatu, 17 Machi

Nesi alinikalisha dakika tano kwanza. Usiongee, miguu chini. Mkanda ukanibana. Nikafumba macho.

Akapima. Akapima mkono mwingine. Nikajisemea nimekwisha.

128 kwa 82!

Akaniandikia kwenye karatasi yake ya kliniki, akapiga muhuri juu. Hakuna dawa. Niendelee hivi hivi, nirudi baada ya miezi mitatu. Akaniuliza nimefanyaje na mama mgonjwa nyumbani. Nikasema kwa miguu.

Nimetoka kliniki nikatembea mpaka kazini, na sikuhitaji kutembea, ya leo nilishamaliza. Wasichana wa pasi waliniona mlangoni wakajua. Redio aligonga meza kwa pasi tupu, ndiyo makofi yake.

Nimefika nyumbani Mama amelala, wifi, anayekaa naye nikiwa kazini, amesema alichoka na mazoezi. Sikumwamsha. Karatasi nimeiweka chini ya glasi yake.

Nimefanya mimi. Mimi wa darasa la saba, mimi wa kuanguka kwenye mashuka ya watu. Nimefanya.

Jumanne, 18 Machi

Asubuhi, nimeshatembea, Waziri yuko sakafuni anavaa raba za baba yake.

Nimempa Mama karatasi. Hajui kusoma, lakini namba za presha anazijua kama mwenye duka anavyojua mizani. Akaweka kidole kwenye 128. Akakihamisha kwenye 82. Akakirudisha. Kisha akaniangalia kwa lile jicho la upande mzima.

"Kweli?"

Nikasema kweli, Mama. Muhuri huu hapa.

Akaitupa pembeni karatasi, na muhuri wake. Akaniashiria nisogee. Akaweka vidole vyake shingoni kwangu, hapa chini ya taya, akafumba macho, akasikiliza. Sijui alikuwa anahesabu nini. Nilikaa kama kwa nesi, miguu chini. Muda mrefu. Vidole vyake vina joto sasa, hata vya ule mkono mbaya alipovileta kusaidia. Aliuleta mwenyewe! Sijui kama aliona.

Akafumbua macho. Akaitikia kwa kichwa. Nikampa kidonge na maji ya vuguvugu.

Kati.

Ameng'ata. Nusu imeingia mdomoni, maji yamefuata. Nusu nyingine iko kwenye kiganja na kiganja kiko mbele yangu.

Nimemkumbusha alichosema. Kizima. Anajua. Midomo inamcheza, ana aibu kidogo safari hii, lakini mkono haushuki. Nafikiri ni mazoea tu. Nafikiri hajui tena namna nyingine ya kunitunza kila asubuhi.

Sijapokea. Nimevuta daftari ili mikono yangu iwe na kazi. Yeye kitandani, mimi kwenye kigoda, kiganja katikati yetu. Waziri ameinuka, amekitazama, nimemwambia hicho si chako, si changu, ni cha bibi. Amekaa chini kusubiri, na si kawaida yake.

Mkono wa Mama umeanza kutetemeka. Ameusogeza kidogo nyuma, karibu na kifua. Sasa ameurudisha kwangu.

Nami naendelea kuandika. Leo nimetembea dakika arobaini na tano na sijachoka hata kidogo. Tuone nani atachoka, mimi au yeye.